Nani hakufikiwa? Kongwa na kazi ya mtafiti wa afya

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 6 vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Vijiji vyote 6 vilipata dawa ya macho ya kupaka, tetrasaikilini. Katika vijiji 3 kati ya hivyo iliongezwa kampeni iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe, kwa lengo moja tu: watoto wadogo wanawishwe uso, na uso ubaki safi. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa vijiji hivyo 3 walikutwa na nyuso safi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na trakoma kali, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita vikope, ilikuwa imepungua zaidi kwao.

Kwa mtu wa Dodoma hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Nani asiyejua kwamba uso ni wa kunawa? Lakini katika afya ya jamii kuna umbali mrefu kati ya jambo ambalo kila mtu anaamini na jambo lililopimwa, tena likapimwa kijijini, kwa kulinganisha vijiji vilivyofanyiwa kitu na vile ambavyo havikufanyiwa. Kongwa iliuvuka umbali huo. Shirika la Afya Duniani lilipojenga mkakati wake wa kutokomeza trakoma juu ya nguzo 4, yaani upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, nguzo ya tatu ilikuwa na ushahidi, na sehemu muhimu ya ushahidi huo ilitoka kwenye vumbi letu.

Aliyeongoza kazi hiyo kwa miaka mingi ni Profesa Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Katika orodha ya waandishi wa makala ya 1995 yamo pia majina ya Kayongoya, Chilangwa na Mmbaga. Nayataja kwa sababu tumezoea kusema "utafiti wa Wazungu" kana kwamba Watanzania walikuwa wabeba mabegi tu.

Nimeanza na Kongwa kwa kuwa nataka kuzungumzia kazi ya msomi anayechunguza tofauti za afya, na hapa katikati ya nchi sioni mfano ulio bora kuliko huo. Hoja yangu ni kwamba msomi wa namna hii ana kazi moja iliyo kubwa kuliko zote: kumtafuta yule ambaye huduma haikumfikia, na kumfuata hadi ndani ya kaya. Akiishia kwenye wastani wa mkoa au wa wilaya, amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye wagonjwa.

Tuutazame ugonjwa wenyewe kwanza. Trakoma huletwa na bakteria anayehama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa kanga ya kufutia uso, na kwa nzi wanaofuata tongotongo na makamasi ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara moja hapofuki. Tatizo ni kuambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, hadi upande wa ndani wa kope unajaa makovu, kope inajikunja, na nywele zake zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hiyo ni hatua ya utu uzima. Mtu anaishi na maumivu hayo kwa miaka, anang'oa nywele moja moja kwa koleo, na mwisho anapoteza uwezo wa kuona.

Wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara 4 zaidi ya wanaume. Ukiuliza kwa nini, jibu halimo kwenye maumbile yao, limo kwenye kazi zao. Utafiti mwingine wa Kongwa, uliochapishwa mwaka 1993, uliwachunguza wanawake kwa kuangalia ukaribu wao na watoto wadogo, na ukaonyesha kwamba kuwalea watoto wenye ugonjwa kunamweka mwanamke katika hatari ya kuupata mwenyewe. Anayebeba, anayefuta makamasi, anayelala na mtoto kitanda kimoja ndiye anayerudishiwa maambukizi kila mara. Bibi asiyeona leo alikuwa dada mlezi akiwa na miaka 8, kisha mama, kisha mlezi wa wajukuu. Kila hatua ya maisha yake ilimwongezea kovu, na kila hatua ilikuwa ya kuwatumikia wengine. Sijui namna ya kuandika hilo bila kuumia.

Hapo tayari wastani umetuangusha. Ukisema "asilimia fulani ya watu wazima wa wilaya hii wana kope zilizogeukia ndani", umewachanganya wanaume na wanawake katika tarakimu ambayo haimwelezi yeyote kati yao.

Njoo kwenye maji. Dodoma ni nchi kame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima hupata milimita 500 hadi 600 hivi. Kwa hiyo mtu yeyote akiulizwa kwa nini watoto wa Kongwa walikuwa na nyuso chafu, atajibu haraka kwamba maji hayapo, chimba visima. Watafiti wa Kongwa nao walianzia hapo katika miaka ya 1980. Walichokiona ni kwamba umbali wa kwenda kuchota ulikuwa na uhusiano na ugonjwa, lakini wingi wa maji yaliyofika nyumbani haukutosha kueleza ni mtoto gani anaugua na yupi haugui. Zilikuwepo kaya zenye maji machache na watoto safi. Zilikuwepo pia kaya zenye ndoo zaidi na watoto wenye nzi machoni.

Mtafiti mvivu angeishia hapo, aandike kwamba "elimu inahitajika", afunge faili. Wao waliuliza swali la pili: maji yakishafika nyumbani, nani anaamua yatumike kwa nini? Kati ya kupika, kunywa, kunywesha ndama, kutengeneza pombe ya mtama, kuosha vyombo na kunawisha uso wa mtoto wa miaka 2, lipi linatangulia? Mwaka 1992 walichapisha makala nzima kuhusu jinsi maamuzi yanavyofanyika katika kaya ya Kigogo: yapi ni ya mume, yapi ni ya mke, yapi yanahitaji kauli ya jamii. Kazi hiyo haina darubini wala maabara. Inahitaji mtu akae chini na kusikiliza. Na bila kazi hiyo, ile kampeni ya vijiji 3 isingejua ianzie kwa nani. Ukimweleza mama peke yake awanawishe watoto, ilhali punda wa kubeba maji ni wa mume na mume hajaona umuhimu wowote, umemwongezea mama mzigo na lawama.

Baadaye vibuyu chirizi vilienea nchini, vile vidumu vinavyoning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, vinatoa maji kidogo kidogo. Sababu ya kufaa kwake ndiyo hiyohiyo. Uso wa mtoto hauhitaji ndoo, unahitaji kikombe, na unahitaji mtu mzima mwenye sauti nyumbani kukubali kwamba kikombe hicho hakijapotea bure.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni namna tunavyompima maskini.

Tafiti nyingi za afya hugawa kaya katika makundi 5 kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa. Kwa kuwa watu wa vijijini hawana hati za mshahara, mtafiti huangalia vitu: paa la bati au la nyasi, sakafu ya saruji au ya udongo, redio, simu, baiskeli, choo cha namna gani, mifugo. Vitu hivyo vinajumlishwa kwa hesabu na kila kaya inapata alama. Njia hii imesaidia sana duniani, sitaki kuibeza. Lakini ichukue uilete Ugogoni. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo na kuta za miti na udongo, itahesabiwa umaskini. Mwenye tembe hiyo anaweza kuwa na ng'ombe 60 zizini. Kwa mizani ya kijiji ni tajiri, na ndivyo anavyoheshimiwa. Kwa mizani ya dodoso iliyopangwa zaidi kwa macho ya mjini anaweza kushuka chini ya kijana wa mji mdogo wa Kibaigwa aliyepanga chumba chenye bati na televisheni ya mkopo.

Halafu tuingie ndani ya tembe hiyo. Ng'ombe 60 ni wa nani? Mke wa pili mwenye kope zinazochoma hana mamlaka ya kuuza hata mbuzi mmoja apate nauli ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Kaya ni tajiri, yeye ni fukara. Hakuna jedwali la makundi 5 linaloweza kumwona, kwa kuwa jedwali linahesabu kaya kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Msomi wa Dodoma, aliyekulia au kufundisha hapa, ndiye anayepaswa kulisema hilo kwanza, kwa sauti, kwenye mikutano ya wataalamu, kabla mgeni hajaligundua na kulipa jina.

Upasuaji wa kusawazisha kope unafanyika hata kwenye kituo cha afya, huchukua muda mfupi, na mara nyingi umetolewa bure. Watafiti wa Kongwa waliwafuatilia wanawake waliokwisha kuambiwa kwamba wana tatizo hilo na kwamba upasuaji upo. Ni sehemu ndogo tu yao waliokuwa wamekwenda baada ya miaka 2. Sababu walizotaja wanawake wa namna hii, hapa na kwingineko Afrika, zinafanana: nani atabaki na watoto, nani atanisindikiza nikiwa nimefungwa macho, nani atalima siku hizo, nauli itatoka wapi. Huduma ilikuwa bure kwa maana ya kwamba daktari hakudai pesa. Kila kitu kingine kilikuwa na bei.

Nasisitiza hili kwa sababu lugha yetu ya serikali na ya mashirika imejaa neno "bure", na tunalitumia kana kwamba likishatamkwa kazi imekwisha. Mama mjamzito wa kijiji cha ndani huko Chemba au Bahi anajua tofauti. Kadi ya kliniki ni bure. Pikipiki ya kumfikisha kwenye zahanati usiku wa masika, korongo likiwa limejaa maji, si bure, na dereva anataka pesa mkononi kabla hajawasha.

Miaka ikapita, dawa ya kupaka ikaachia nafasi vidonge na maji ya azithromycin, ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa kama msaada mwishoni mwa miaka ya 1990. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Dawa hii humezwa mara moja kwa mwaka, kijiji kizima. Ni hatua kubwa mno. Na bado kuna watoto waliokosa. Utafiti mwingine kutoka Kongwa, wa mwaka 2012, uliuliza ni watoto gani hawakufika kwenye ugawaji raundi mbili mfululizo. Waliokosa walitoka zaidi katika kaya zenye watoto wengi wadogo, kaya zilizokuwa zikiuguza, na pale ambapo mgawaji wa dawa alipangiwa eneo kubwa la kuzungukia.

Nadhani kila mkuu wa idara ya afya wa halmashauri anapaswa kuusoma utafiti huo. Kwenye ripoti ya kampeni, kufikisha asilimia 80 au 90 ya walengwa ni ushindi, na watu wanapongezana. Lakini asilimia 10 au 20 waliobaki hawakubaki kwa bahati nasibu. Walibaki kwa sababu mama yao ana watoto 5 na mgonjwa ndani, na hawezi kupanga foleni nusu siku chini ya mbuyu. Mwaka ujao atakosa tena, kwa sababu ileile. Kisha bakteria wanabaki kwa watoto wake, wanasubiri dawa iwatoke wa jirani, na wanarudi mtaani. Kumkosa yeye ni kumkosesha kila mtu. Hapa tofauti za afya si suala la huruma tu. Ni suala la kampeni kufaulu au kutofaulu kwa wote.

Malawi, jirani zetu, walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwamba wameondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ghana ilitangulia mwaka 2018. Inawezekana, basi.

Kuna wanaodhani kwamba tofauti za namna hii huonekana tu pale tajiri na maskini wanapoishi pamoja, na kwamba kijijini wote ni sawa. Mwaka 2003, katika jarida lilelile la Lancet, Joanna Schellenberg na wenzake walichapisha uchunguzi kutoka wilaya za vijijini za kusini mwa Tanzania, mahali ambapo mgeni akipita angesema watu wote ni maskini. Walikuta kwamba hata humo, watoto wa kaya zilizokuwa na nafuu kidogo walipelekwa zaidi kituoni walipougua, walezi wao walizijua zaidi dalili za hatari, na watoto hao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata dawa ya malaria au ya nimonia waliyoihitaji. Nafuu hiyo kidogo, pengine baiskeli moja na mabati 20, ilitosha kuwagawa watoto wanaocheza kwenye uwanja mmoja.

Wastani wetu wa taifa umekuwa ukileta habari njema, nami nazifurahia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulitoa 104. Wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna wauguzi, vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya, magari ya wagonjwa, na watu waliofanya kazi usiku. Hakuna wa kuwanyima sifa hiyo. Swali la msomi linaanza pale sherehe inapoishia: hao 104 ni akina nani? Wanaishi umbali gani kutoka kituo chenye damu ya kuongezewa? Ni mimba ya ngapi? Ni binti wa miaka 16 au mama wa watoto 8? Kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo vilivyobaki vinavyojikusanya kwa watu walio mbali zaidi na huduma, na ndivyo wastani unavyozidi kuwa kimya juu yao.

Jiji la Dodoma lenyewe linatoa picha ya hilo. Hospitali ya Benjamin Mkapa imepandikiza figo tangu 2018, jambo ambalo zamani lilimpeleka Mtanzania India. Ni fahari yetu wote. Kutoka hapo hadi Kongwa mjini ni mwendo wa kilomita 90 hivi, barabara ya lami. Katika mkoa mmoja, kwa hiyo, kuna ufundi wa hali ya juu kabisa na kuna vitongoji ambako mtu anaweza kupoteza macho kwa ugonjwa unaozuilika kwa maji ya kikombe na kidonge cha mara moja kwa mwaka. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 na kinachoutazama mji wote kutoka mlimani, wamewekwa katikati ya pande hizo mbili.

Wanachokifanya kinategemea sana wanachopewa muda wa kufanya. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho. Chapisho hutokana na takwimu, na takwimu hupatikana haraka zaidi ukitumia zile zilizokwisha kukusanywa na serikali kuliko kwenda Pandambili na Mlali kukaa na watu. Vijana wengi wanaosomea shahada ya uzamili katika afya ya jamii wana wiki chache za kukusanya data, bajeti ya kujazia mafuta, na wasaidizi wenye vishikwambi wanaouliza maswali 90 kwa kaya kisha wanaondoka. Mwanakijiji anajibu kwa adabu. Anajibu anachodhani kinatakiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna programu ya simu inayoweza kuziba pengo hilo.

Kongwa ilifaulu kwa sababu watu walikaa. Mradi ulianza miaka ya 1980 na makala zake zimeendelea kutoka hadi miaka ya hivi karibuni. Mtoto aliyepimwa mwanzoni amekuwa mzazi. Wapimaji walijua nani kahama, nani kaoa, kisima kipi kimekauka. Kukaa huko ni gharama, na kwa haki kabisa niseme kwamba kuliwezekana kwa sababu fedha zilitoka nje, kwa taasisi zenye uwezo wa kupanga miaka 10 mbele. Serikali yetu na vyuo vyetu wanapaswa kuamua kama wanataka ujuzi wa namna hiyo uwe mali ya nchi. Eneo moja la kudumu la ufuatiliaji wa kaya hapa kanda ya kati, lenye wakusanyaji wa taarifa wanaoishi hapohapo na wanaosema Kigogo, Kirangi na Kimaasai, lingekuwa na faida kuliko semina 100 za hotelini.

Kongwa hiyohiyo ina kumbukumbu ya kinyume. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli kusini mwa nchi, wakamwaga mamilioni ya pauni. Mvua haikuwa ile waliyoiandika kwenye makaratasi, na udongo wa hapa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wenyeji waliijua ardhi hiyo. Hakuna aliyewauliza kwa namna ya kutaka kusikia.

Baada ya kukaa kuna kurudisha. Kila utafiti unaohusu afya za watu nchini unahitaji kibali cha maadili, na kwa tafiti za kitaifa kibali hicho huombwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti anaeleza jinsi atakavyopata ridhaa ya mshiriki, jinsi atakavyotunza siri, jinsi atakavyosambaza matokeo. Kipengele hiki cha mwisho mara nyingi kinajazwa kwa sentensi moja kuhusu majarida na makongamano. Napendekeza kigeuzwe kuwa sharti: matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria zetu za serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miezi 3, na muhtasari wa mkutano huo uambatishwe kwenye ripoti ya mwisho. Wanakijiji waseme walichokubali na walichokataa. Mwenye ng'ombe 60 aseme kama kweli yeye ni maskini. Akina mama waulizwe faragha, kwa sababu mbele ya mkutano wengi watanyamaza.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yataisha nchi ikitajirika. Australia ni tajiri kwa kipimo chochote, na kwa miongo mingi ilikuwa nchi pekee yenye kipato cha juu ambayo bado ilikuwa na trakoma, karibu yote kwa watu wake wa asili, wanaoishi kwenye makazi ya mbali yenye nyumba zilizosongamana. Hugh Taylor, daktari wa macho wa huko ambaye jina lake limo kwenye makala ileile ya Kongwa ya 1995, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuwasukuma Waaustralia wenzake walione hilo. Elimu iliyopatikana katika vitongoji vya Wagogo ilikuwa na maana kwa watoto wa jangwa la Australia. Utajiri wa taifa haukuwafikia kwa sababu hakuna aliyeuelekeza kwao.

Kwa sasa tuna jambo kubwa mezani: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Dodoma ina uzoefu ambao mikoa mingi haina. Mradi wa Tuimarishe Afya, uliofadhiliwa na Uswisi, ulianzia hapa na ulichangia kuleta CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu wasiozidi 6 ililipia Sh 30,000 kwa mwaka. Hesabu ya watu 6 ilipangwa na watu wenye nia njema. Katika kaya ya mitala yenye watoto 11, wajukuu 2 wa binti aliyekwenda Dar es Salaam na bibi asiyeona, ni majina gani 6 yanayoandikwa kwenye kadi? Nani anayachagua? Bibi anaachwa kwa sababu amezeeka, au anawekwa kwa sababu ndiye mgonjwa? Mjukuu asiye na cheti cha kuzaliwa anahesabiwa wa nani?

Haya ni maswali yanayopimika. Dodoso likiongeza ukurasa mmoja, unaoorodhesha kila anayelala katika kaya, kadi ina jina la nani, na nani aliugua mwezi uliopita bila kwenda popote, majibu yatapatikana ndani ya msimu mmoja wa kiangazi, wakati barabara zinapitika na watu wapo nyumbani baada ya mavuno. Wanafunzi wa uzamili wa vyuo vya Dodoma wanaweza kuifanya kazi hiyo kabla kanuni za bima hazijazoeleka kiasi cha kuwa ngumu kubadilishwa. Halmashauri za Kongwa, Chamwino, Bahi, Chemba, Kondoa na Mpwapwa ziwaombe waifanye, ziwape usafiri na mwenyeji wa kitongoji, na waganga wakuu wa wilaya waketi kuyajadili matokeo yake kabla hawajaandika lengo la uandikishaji la mwaka unaofuata.